Daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto Afrika

SI kila ugunduzi mkubwa wa kitiba huanzia katika maabara yenye mitambo ya mamilioni ya pesa. Ugunduzi mmoja ulioleta mabadiliko makubwa katika elimu ya saratani ulianzia katika wodi ya watoto ya Hospitali ya Mulago, jijini Kampala, na ukakamilishwa ndani ya gari kuukuu lililopita katika barabara za vumbi za Afrika Mashariki na ya Kusini.

Mhusika mkuu alikuwa Dkt Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland. Alikuwa na jicho moja tu. Hakuwa amesomea utafiti wala takwimu, na fedha alizopewa kuanzia kazi yake hazikuzidi makumi machache ya pauni.

Silaha yake kuu ilikuwa swali ambalo hata mtoto anaweza kuliuliza: ugonjwa huu unapatikana wapi, na ni wapi usikopatikana?

Swali hilo ndilo msingi wa taaluma inayoitwa epidemiolojia. Daktari wa kawaida humtazama mgonjwa aliye mbele yake na kujiuliza atamtibu vipi. Mtaalamu wa epidemiolojia huutazama umma mzima: ni nani wanaougua, wanaishi wapi, wanakula nini, wana umri gani. Kisha huwageukia wale wasiougua na kutafuta tofauti iliyopo baina ya makundi hayo mawili. Aghalabu chanzo cha maradhi hujificha ndani ya tofauti hiyo.

Maisha ya Burkitt yanaonyesha nguvu ya njia hiyo, na vilevile yanaonyesha mipaka yake.

Akataliwa kwa sababu ya jicho

Burkitt alizaliwa mnamo Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa kaunti ambaye wakati wa mapumziko alichunguza ndege. Alikuwa akiwatia alama miguuni na kuchora ramani za maeneo ambayo kila ndege aliyamiliki. Yamkini mazoea ya kutumia ramani kutafuta maarifa yalianzia nyumbani.

Akiwa na umri wa miaka 11, kijana huyo alipigwa jiwe usoni, miwani yake ikavunjika na jicho moja likaharibika kabisa. Licha ya ulemavu huo, alijiunga na chuo cha Trinity, mjini Dublin, akaanza kusomea uhandisi kabla ya kuugeukia udaktari. Alihitimu mwaka wa 1935, na miaka mitatu baadaye akafuzu kuwa daktari mpasuaji.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia mlango. Akiwa daktari wa jeshi la Uingereza, alihudumu nchini Kenya na Somalia, na baada ya vita, mwaka wa 1946, alikubaliwa kufanya kazi nchini Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko aliona jambo lililomshangaza. Katika upande wa mashariki wa wilaya hiyo, takriban asilimia 30 ya wanaume walikuwa na mabusha, ilhali upande wa magharibi ni karibu asilimia moja tu waliokuwa na tatizo hilo. Watu wa pande hizo mbili waliishi chini ya serikali moja na umbali kati yao haukuwa mkubwa.

Burkitt aliandika matokeo hayo katika jarida la kitiba bila kujua sababu yake. Baadaye ilibainika kuwa tofauti hiyo ililingana na kuenea kwa minyoo inayosambazwa na mbu, ile ile inayosababisha ugonjwa wa matende. Somo hilo la Lango halikumtoka akilini: maradhi yana mipaka yake, na mipaka hiyo husema kitu.

Taya nne zilizovimba

Mnamo 1948 Burkitt alihamishiwa Kampala. Alifanya kazi ya upasuaji katika Hospitali ya Mulago kwa karibu miaka 10 kabla ya siku moja ya mwaka wa 1957 alipoitwa na mwenzake, Dkt Hugh Trowell, amwangalie mtoto wa kiume wa miaka mitano.

Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba pande zote nne: taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea. Haikuwa kawaida ya jipu wala ya saratani iliyojulikana, kwa kuwa uvimbe wa aina hizo huanzia mahali pamoja. Burkitt alipiga picha, akakiri kuwa hajui ni ugonjwa gani.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, yapata kilomita 80 kutoka Kampala. Alipotupa macho nje ya dirisha la hospitali, alimwona mtoto mwingine aliyeketi na mamake, uso wake ukiwa umevimba vivyo hivyo. Akatoka akamchunguza, akapata kwamba alikuwa na uvimbe tumboni pia.

Mgonjwa mmoja angeweza kuwa ajabu ya kupita. Wawili wenye dalili zinazofanana walikuwa ni dalili ya jambo kubwa zaidi.

Burkitt alirejea Mulago akaanza kufukua majalada ya zamani. Aligundua kuwa watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe katika figo, ini au sehemu nyingine za tumbo. Madaktari waliotangulia walikuwa wameziona dalili hizo, lakini kila mmoja aliangalia kiungo chake. Wa meno aliona taya, wa macho aliona jicho lililotokeza nje, mpasuaji aliona tumbo. Hakuna aliyetambua kwamba wote walikuwa wakitazama ugonjwa mmoja.

Hata katika kumbukumbu za Dkt Albert Cook, mwanzilishi wa Hospitali ya Mengo iliyofunguliwa mwaka wa 1897, baadaye zilipatikana habari za watoto wa aina hiyo. Ugonjwa haukuwa mgeni. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha vipande.

Mnamo 1958 Burkitt alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu uvimbe huo. Wataalamu wa maabara jijini Kampala, miongoni mwao Mmarekani George O'Conor na Dkt Jack Davies, walithibitisha kwamba ilikuwa saratani ya chembechembe nyeupe za kinga ya mwili, yaani limfoma. Davies alikuwa amehusika katika kuanzisha sajili ya wagonjwa wa saratani Kampala mwaka wa 1951, na sajili hiyo ilionyesha jambo la kutisha: karibu nusu ya saratani zote za watoto zilikuwa za aina hiyo moja. Huko Ulaya saratani kama hiyo ilikuwa nadra mno.

Safari ya maili 10,000

Kwa nini watoto wa Uganda na si wa Uingereza? Je, wa Kenya? Wa Tanganyika? Wa Afrika Kusini?

Ili kupata majibu, Burkitt alichapisha vipeperushi zaidi ya 1,000 vyenye picha za watoto waliougua, akavituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Swali lilikuwa moja: je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii?

Majibu yalipofika, alichomeka pini kwenye ramani ya Afrika iliyotundikwa ukutani. Polepole pini hizo zikafanya ukanda unaokata bara hilo katikati, takriban nyuzi 15 kaskazini na nyuzi 15 kusini mwa ikweta, wenye mkia ulioteremka kwenye pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Lakini ndani ya ukanda huo mlikuwa na mapengo. Mpaka wa kusini pia haukuwa wazi. Burkitt akaamua kwenda kujionea mwenyewe.

Mnamo Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, akifuatana na madaktari wawili wamishonari, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Kuluva huko West Nile, alikuwa pia fundi hodari wa magari, ujuzi uliohitajika sana katika barabara hizo.

Kwa muda wa wiki 10 watatu hao walisafiri maili 10,000, sawa na kilomita 16,000, na kuzuru hospitali 57 kuanzia Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini. Kila walikofika walionyesha picha, wakauliza maswali, wakaandika. Hospitali iliyosema "hatujawahi kumwona mtoto kama huyu" ilikuwa na thamani sawa na iliyosema "tunawaona kila mwezi". Palipo na ugonjwa na pasipo na ugonjwa, kote mlikuwa na habari.

Kwanza walidhani wanautafuta mpaka upande wa kusini. Kumbe mpaka wenyewe ulikuwa wa kupanda na kushuka. Karibu na ikweta, ugonjwa haukuonekana katika maeneo yaliyo juu ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, takriban mita 1,500. Walipoelekea kusini, kikomo hicho kiliteremka hadi futi 3,000, na kusini zaidi kikafika futi 1,000.

Mwanasayansi Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki mjini Entebbe, alipoitazama ramani hiyo aliona kitu ambacho Burkitt hakuwa amekiona. Kilichobadilika hakikuwa urefu wa mlima bali joto. Ugonjwa ulikoma mahali ambapo kipimo cha joto hushuka chini ya takriban nyuzi 15 za Selsiasi wakati wa baridi. Baadaye, uchunguzi wa Afrika Magharibi uliongeza sharti la pili, mvua. Eneo kame la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilikuwa na wagonjwa wachache mno ikilinganishwa na Ibadan kwenye mvua nyingi.

Joto na mvua. Mtu yeyote aliyekulia Afrika Mashariki anajua ni mdudu gani hupenda vitu hivyo viwili.

Virusi vyapatikana

Kabla hata ya safari hiyo ndefu, mnamo Machi 22, 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex jijini London. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Aliposikia kwamba kuna saratani ya binadamu inayofuata joto na mvua, Epstein alishuku papo hapo kwamba kuna virusi vinavyosambazwa na wadudu.

Wawili hao walikubaliana. Vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa watoto jijini Kampala vikawa vinasafirishwa kwa ndege hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona chochote.

Desemba 1963, ndege iliyobeba kifurushi kimoja ilizuiwa na ukungu kutua London ikaelekezwa Manchester. Kifurushi kilipofika hatimaye, maji yaliyohifadhi kipande hicho yalikuwa yamechafuka, ishara ya kawaida kwamba bakteria wameingia. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyaweka chini ya hadubini. Hayakuwa na bakteria. Yalikuwa yamejaa chembechembe hai za saratani zilizojitenga na kuelea, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kuzikuza maabarani.

Februari 1964, Epstein alipozitazama chembechembe hizo kwa hadubini ya elektroni, aliviona virusi. Yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, waliutangaza ugunduzi huo mwezi Machi mwaka huo. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na hadi leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr. Epstein alifariki mnamo Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 102.

Dhana sahihi kwa njia isiyo sahihi

Hapa ndipo kisa hiki kinapochukua mkondo ambao hakuna aliyeutarajia.

Uchunguzi wa damu uliofanywa miaka iliyofuata ulibainisha kwamba virusi hivyo havienezwi na mbu. Huenezwa kwa mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo mwilini bila madhara yoyote. Ikiwa karibu kila mtu anavyo, mbona ni watoto wa ukanda mmoja tu wa Afrika, na wa maeneo kama hayo huko Papua New Guinea, wanaougua saratani hiyo kwa wingi?

Ramani ilikuwa imesema kweli, lakini wasomaji wake walikuwa wameifasiri vibaya. Mbu alihusika, ila hakubeba virusi vya saratani. Alibeba malaria.

Mtafiti Mmarekani Gilbert Dalldorf alikuwa amedokeza uhusiano huo tangu mapema miaka ya sitini. Burkitt mwenyewe aliutetea katika makala ya mwaka wa 1969, akiiacha dhana ya awali ya virusi vya mbu. Alitaja kwamba visiwa vya Unguja na Pemba, ambavyo vina joto na mvua ya kutosha, havikuwa na wagonjwa. Huko juhudi za kuangamiza malaria zilikuwa zimefanywa kwa bidii.

Tafiti kubwa zilifuata. Katika wilaya ya West Nile, Uganda, kuanzia mwaka wa 1972, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000, kisha likasubiri. Walioishia kupata saratani walipatikana kuwa walikuwa na kingamwili nyingi mno za virusi vya Epstein-Barr, miezi au miaka kabla ya kuugua. Kwa hivyo virusi vilitangulia saratani, wala havikuingia baadaye.

Nchini Tanzania, katika eneo la Mara Kaskazini, watoto walipewa dawa ya klorokwini kati ya 1977 na 1982 ili ionekane kama kupunguza malaria kungepunguza saratani. Idadi ya wagonjwa ilishuka, lakini ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya dawa kutolewa, na viini vya malaria vikaanza kuizoea dawa hiyo. Jibu kamili halikupatikana.

Leo wanasayansi wanaeleza hivi: mtoto huambukizwa virusi vya Epstein-Barr akiwa mchanga. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha chembechembe za kinga kugawanyika kwa kasi isiyo ya kawaida, na papo hapo hudhoofisha ulinzi unaovidhibiti virusi hivyo. Katika mgawanyiko huo wa haraka, kipande cha kromosomu hukatika na kuungana mahali pasipofaa, na jeni moja inayoamuru chembe kukua hubaki wazi kama bomba lisilofungika. Saratani huanza.

Tafiti zilizofanywa humu nchini zimeongeza nguvu maelezo hayo. Watafiti waliwalinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria huambukiza mwaka mzima, na wa Nandi kwenye nyanda za juu, ambako malaria ni ya nadra. Walikuta kwamba watoto wa Kisumu huambukizwa virusi vya Epstein-Barr wakiwa na umri mdogo zaidi, na miili yao hushindwa kuvidhibiti ipasavyo.

Mnamo 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha malaria kali ya maeneo yenye maambukizi ya kudumu kuwa kitu ambacho yamkini husababisha saratani kwa binadamu.

Tiba bila kisu

Ramani peke yake haingemwokoa mtoto yeyote. Saratani hii hukua haraka kuliko karibu saratani nyingine zote, na uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu. Burkitt alijua kuwa kisu chake hakifai kitu hapa, na wakati huo Uganda haikuwa na mashine ya kutibu saratani kwa miale.

Akageukia dawa ambazo wakati huo zilikuwa bado katika majaribio Marekani. Yeye huko Kampala, na Dkt Peter Clifford jijini Nairobi, walishirikiana na wataalamu wa Marekani kuwapa watoto dawa hizo. Matokeo yaliwaduwaza. Nyuso zilizovimba zilirejea hali ya kawaida kwa muda wa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya kupewa dozi moja au mbili.

Katika enzi ambayo madaktari wengi waliamini saratani iliyoenea mwilini haiwezi kuponywa kwa dawa, hospitali za Afrika Mashariki zilitoa ushahidi wa mapema kwamba inawezekana. Mwaka wa 1967 kituo maalumu cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago chini ya Mmarekani John Ziegler, na mwaka wa 1972 uongozi wake ukashikwa na Mganda, Dkt Charles Olweny. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Aacha saratani, afuata choo

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966 akarudi Uingereza. Wengi wangeridhika na sifa alizopata. Yeye alianza kazi ya pili.

Mpelelezi mashuhuri wa uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu, Richard Doll, alimkutanisha na Peter Cleave, daktari wa zamani wa jeshi la majini. Cleave alidai kuwa magonjwa mengi ya nchi tajiri yanatokana na sukari na unga uliokobolewa. Wengi walimpuuza. Burkitt alikumbuka miaka yake 20 Afrika, akatambua kwamba ni nadra sana alipowapasua Waafrika wa vijijini kwa sababu ya saratani ya utumbo mpana, ugonjwa wa kidole tumbo au bawasiri. Uingereza, hayo ndiyo yaliyojaza wodi.

Akarudia mbinu ile ile. Alituma maswali kila mwezi kwa hospitali za misheni zipatazo 150, akihesabu palipo na maradhi hayo na pasipo.

Mwaka wa 1972, yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyowafanya baadhi ya watu wacheke na wengine wafikiri. Walikuwa wamepima choo. Wanamaji wa Uingereza walitoa wastani wa gramu 104 kwa siku, na chakula kilichukua takriban saa 83 kupita mwilini. Wanavijiji wa Uganda walitoa gramu 470, na chakula kilipita kwa saa 36. Tofauti, alisema Burkitt, ilikuwa nyuzinyuzi: sehemu ya nafaka, kunde, mboga na matunda ambayo tumbo haliyeyushi, na ambayo viwanda huitupa wakati wa kukoboa.

Alizunguka dunia akihubiri jambo hilo, na kitabu chake cha mwaka wa 1979 kuhusu nyuzinyuzi kikasomwa na watu wengi. Alifariki mnamo Machi 23, 1993.

Je, alikuwa sahihi? Hapa pana funzo la pili. Kuona mambo mawili yakiandamana si kuthibitisha kuwa moja ndilo chanzo cha jingine. Wanavijiji wa Uganda walitofautiana na wanamaji wa Uingereza kwa mengi: nyama, uzito, kazi za mikono, umri. Mnamo 1999, utafiti uliowafuatilia wauguzi wa kike zaidi ya 80,000 nchini Marekani haukuona kwamba nyuzinyuzi huzuia saratani ya utumbo mpana. Mnamo 2003, utafiti mwingine wa watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10 za Ulaya ulipata kwamba huipunguza.

Mwaka wa 2019 uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi ulihitimisha kuwa wanaokula gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku, au zaidi, hupungukiwa na hatari ya maradhi ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana. Baadhi ya madai mengine ya Burkitt, hasa kuhusu kidole tumbo na bawasiri, hayajapata ushahidi wa kutosha. Lakini jambo la msingi limesimama.

Kejeli iliyopo ni kwamba chakula alichokisifu ndicho ambacho wakazi wengi wa miji ya Afrika Mashariki wamekiacha. Githeri, uji wa wimbi, mboga za kienyeji na ugali wa unga usiokobolewa vimesukumwa kando na mkate mweupe, chipsi na unga mweupe wa pakiti.

Kazi iliyosalia

Katika nchi tajiri, takriban watoto tisa kati ya kila 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Katika nchi nyingi za Afrika, ambako ugonjwa huo ndiko uliko, idadi ya wanaopona ni ya chini sana. Dawa zinazotumika ni zile zile ambazo Kampala na Nairobi zilisaidia kuzijaribu. Kinachotofautiana ni siku ambazo hupotea kabla ya mtoto kufikishwa hospitalini, gharama inayowafanya wazazi wakatize matibabu, na uhaba wa maabara za kuthibitisha ugonjwa.

Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango unaolenga kuhakikisha angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanapona kufikia mwaka wa 2030. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani sita zilizopewa kipaumbele.

Kwa upande wa kinga, vyandarua vilivyotiwa dawa na chanjo ya malaria, ambayo Kenya ilianza kuitoa kwa majaribio katika maeneo ya magharibi mnamo Septemba 2019, huenda vikawa na faida ambayo haikukusudiwa. Ikiwa malaria kweli ni mshirika wa saratani hii, kila mtoto anayekingwa dhidi ya mbu anakingwa pia, kwa kiasi fulani, dhidi ya uvimbe huo. Hilo litajulikana tu iwapo wagonjwa wanahesabiwa vyema mwaka baada ya mwaka, kama Kampala ilivyoanza kufanya mwaka wa 1951.

Kwa mzazi, la kujua ni fupi. Mtoto ambaye taya lake linavimba na meno kulegea bila kuumia, jicho linalotokeza nje, au tumbo linalokua kubwa kwa muda wa siku chache, asisubiri mganga wala kung'olewa meno. Apelekwe hospitali yenye uwezo wa kupima saratani siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu hauna subira, lakini ukiwahiwa ni miongoni mwa saratani zinazokubali kuponywa.